Maji ya Kwenda na Maji ya Kurudi

Asubuhi chumba cha kufulia kilijaa mvuke. Ukuta wa mbele haukuonekana. Wanawake wanne walifanya kazi humo, na kila mmoja aliona mikono tu ya mwenzake, ikiingia na kutoka kwenye mabeseni makubwa. Mmoja wao mtaa mzima ulimwita Dobi. Hata mumewe alimwita hivyo alipotaka kumtania.

Siku nzima Dobi alikuwa ndani ya maji. Aliloweka, alifikicha, alisuuza, alikamua. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja. Lakini alipoketi kupumzika na kufumba macho, hakuota maji. Aliota uwanda mkavu, mweupe, usio na mwisho. Upepo ulipita juu yake polepole. Hapakuwa na mtu wala sauti.

Uwanda ule hakuwahi kuuona. Aliusikia kwa mama mkwe wake.

Kila jioni nyumbani mambo yalikuwa hivi. Mumewe, Fundi Saa, aliketi kwenye meza yake karibu na dirisha. Alitengeneza saa za watu. Skrubu ndogo kama mbegu za mchicha alizihifadhi kwenye vifuniko vya soda. Wifi yake Dobi, yaani mdogo wake Fundi Saa, alirudi kutoka kwenye kibaraza chake cha kusuka nywele, vidole vikinukia mafuta. Mama mkwe aliketi kwenye kiti chenye mto, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kigoda. Na mama akisimulia, hata saa za ukutani zilionekana kusikiliza.

"Ni siku nne kwa miguu," mama alisema. "Unatembea, na uwanda unatembea nawe. Asubuhi jua likigusa mawe, mawe yanalia. Tik. Tik. Kama hizo saa zako, mwanangu."

"Na mwisho wake kuna nini, mama?" Dobi aliuliza, ingawa alijua.

"Mwisho wake kuna ukingo mrefu. Ukisimama pale unaona bonde la kijani. Katikati ya bonde kuna ziwa. Maji yake yametulia kama kioo." Mama alifumba macho. "Nilipita huko na baba yangu nikiwa mdogo. Miguu hii ingekuwa na nguvu, ningekwenda tena kesho. Lakini nyinyi mna miguu. Nendeni mkanionee."

Jioni moja Fundi Saa aliweka kibano chake mezani.

"Mwezi ujao Dobi ana likizo," alisema. "Twende."

"Mimi pia!" wifi akadakia. "Mnadhani nitabaki hapa nisuke upepo?"

Fundi Saa alichukua karatasi. Mama alitaja visima, naye akaandika. Kisima cha kwanza mwisho wa siku ya kwanza. Kisima cha pili penye miti miwili, adhuhuri ya siku ya pili.

"Na cha tatu, mama?"

Mama alitazama pembeni. "Cha tatu kiko mbele kidogo tu," alisema.

Fundi Saa akaandika: mbele kidogo.

Walifunga mabegi ya mgongoni. Wifi alitia mto, kioo cha mkono na birika la chuma. Kila mtu alibeba chupa mbili za maji. Zote mbili pamoja zilikuwa lita tatu.

"Zinatosha?" Dobi aliuliza.

"Tubebe maji ya nini, na mbele kuna kisima?" mumewe alijibu.

Basi liliwashusha kwenye duka la mwisho, mahali barabara ilipopinda. Wao hawakupinda. Walinyoosha moja kwa moja, wakaingia uwandani.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Nyasi fupi zilikuwa na rangi ya fedha. Vivuli vyao vitatu viliwatangulia, virefu, kana kwamba vilijua njia. Hawakusema sana. Magharibi walifika kwenye kisima cha kwanza. Kilikuwa kimejengewa pampu ya mkono. Walisukuma mpini, maji baridi yakatoka. Walikunywa, wakacheka, wakalala.

Asubuhi waliamka jua likiwa limeshapanda. Walijaza zile chupa mbilimbili. Pampu ilikuwa na maji tele, lakini hawakuwa na chombo kingine. Wakaondoka.

Saa tano jua lilikuwa kali. Walikula karanga za chumvi, wakanywa. Saa saba mbele yao ukatokea mng'ao mrefu, kama maji. Walitembea kuufuata, nao ukasogea. Saa nane waliiona miti miwili. Mmoja ulikuwa umesimama. Mwingine ulikuwa umeanguka zamani.

Kando ya miti palikuwa na shimo. Ndani yake udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, kama sahani zilizovunjika. Fundi Saa aliingia, akachimba kwa mikono. Alichimba hadi kwenye kiwiko. Alitoa vumbi.

Wifi aliketi chini. Alitazama mbali, akatabasamu.

"Wifi," alimwambia Dobi, "mbona umeanika mashuka huku kote? Nani atayaanua?"

Dobi alicheka. Wifi yake alikuwa mtu wa mizaha. Kisha akamtazama vizuri. Midomo ilikuwa myeupe, imepasuka. Paji la uso lilikuwa kavu na la moto. Katika jua lile, wifi hakuwa na hata tone la jasho.

"Mume wangu! Njoo umwone dada yako!"

Fundi Saa alitoka shimoni. Aliikunjua ile karatasi. Kidole chake kilifuata mstari wa mwisho.

"Cha tatu kiko mbele kidogo," alisema. "Mama alisema."

"Mama alisema na hiki pia."

"Tumeshafika nusu ya safari, Dobi!"

"Ndiyo. Na kwenye pampu tunajua kuna maji, tumeyanywa jana kwa midomo yetu. Huko mbele hatujui. Mimi siendi mbele, na wifi yangu haendi."

Walikuwa wamebakiwa na chupa moja, nayo haikujaa. Walimlaza wifi kwenye kivuli cha ule mti, wakampepea kwa kanga. Walimnywesha kidogo kidogo, wao wakilowesha ulimi tu. Jua lilipopungua walimnyanyua, mkono mmoja juu ya bega la kaka yake, mkono mwingine juu ya bega la Dobi. Birika na mto walivitupa. Hawakukumbuka baadaye walitembeaje. Dobi alikumbuka tu kwamba alihesabu hatua, na kila alipofika mia alianza upya. Jua la asubuhi lilikuwa linagusa ardhi walipousikia mpini wa pampu ukigongwa na upepo.

Walikunywa, wakapumzika, wakarudi barabarani kupanda basi. Mjini wifi alilazwa hospitalini siku mbili, akatundikiwa dripu. Alipona. Lakini nyumbani mama mkwe aliacha kusimulia. Wakati wa kula alijifunika kanga hadi usoni. Alikula kidogo sana.

Jirani yao wa ng'ambo ya kichochoro alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira, fundi wa visima katika idara ya maji. Alizunguka na lori kutengeneza pampu za mbali. Mtaani aliitwa Lita, kwa sababu kila jambo alilipima kwa lita. Ukimuuliza mvua imenyesha vipi, hakusema nyingi wala kidogo. Alisema, "Pipa langu limepata lita arobaini."

"Pole, mgonjwa," alisema Lita, akiketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nimeshapoa, jirani. Ila nikiona shuka jeupe nashtuka."

"Mlibeba maji lita ngapi?"

"Tatu kila mtu," alijibu Fundi Saa.

"Tatu kwa siku?"

"Tatu basi. Chupa mbili. Tulitegemea visima."

Lita aliinuka. Akachukua jagi na beseni la Dobi. Alimimina lita moja ya maji kwenye beseni, polepole, wote wakitazama.

"Ukitembea juani na mzigo mgongoni," alisema, "maji haya yanakutoka kwa jasho kwa saa moja au mbili. Huyaoni, yanakaukia kwenye nguo. Usipoyarudisha mwilini, kwanza kichwa kinauma. Mdomo unakauka. Mkojo unakuwa mchache, rangi yake kama chai ya rangi. Kisha unapata kizunguzungu. Mwisho unaona mashuka."

Wifi alivuta blanketi.

"Kwa siku mtu mzima anahitaji lita nne, pamoja na za kupikia. Joto likizidi, tano au sita. Nyinyi mlikuwa watatu. Dobi, wewe unayefua kutwa, hebu piga hesabu."

"Lita kumi na mbili kwa siku," Dobi alisema kwa sauti ndogo. "Hizo kazini ni beseni moja tu. Namwaga kumi kama hizo kabla ya chai."

"Lakini tulikuwa na ramani," Fundi Saa alijitetea. Alitoa ile karatasi.

Lita aliisoma. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Kisima hiki, nani amekunywa maji yake? Na lini?"

"Sisi wenyewe. Juzijuzi hapa."

"Vizuri. Na hiki cha pili?"

Wote waligeuka kumtazama mama, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Shikamoo, mama," Lita alisema kwa upole. "Cha pili ulikunywa wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikunywa. Nilikuwa na miaka tisa."

"Na cha tatu?"

Saa za ukutani zililia. Mama alivuta kanga ikafunika nusu ya uso.

"Sikufika," alisema.

"Mama?" Fundi Saa alisimama.

"Sikufika, mwanangu. Baba alitugeuza pale penye miti miwili. Kisima kilikuwa na matope na maji ya kata mbili tu. Baba aliyatazama, akatutazama sisi watoto. Akasema, tunarudi. Nililia njia nzima. Nilimchukia kwa mwaka mzima." Mama alifuta macho. "Lile bonde na lile ziwa nimeyaota. Nimeyaota mara nyingi, mpaka nikawa nayaona. Nikayasimulia. Na kila nilipoyasimulia yakazidi kuwa ya kweli. Siku mliponiuliza kisima cha tatu, nilitaka kusema sijui. Nikaona haya."

 Kisha sauti ikatoka kitandani.

"Mama! Kumbe nilitaka kufa ndani ya ndoto yako?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," wifi alisema. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Lakini sasa lazima nifike. Siwezi kutundikiwa dripu mbili halafu nisijue kuna nini huko mwisho."

Lita alicheka hadi kitanda kikatikisika. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, usimchukie tena baba yako. Sisi sote humu ndani hatumfikii. Kugeuka ni kazi ngumu. Wengi wanajua kwenda, wachache wanajua kugeuka. Na wewe Dobi, pia uligeuka. Ndiyo maana leo tunacheka."

Wiki zilizofuata, kila Jumapili, saa za watu ziliondolewa kwenye meza ya dirishani. Lita aligeuza kalenda ya zamani, akachora njia upande wa nyuma. Safari hii hawakuandika maneno "mbele kidogo". Kila mahali pa maji waliandika mambo mawili: nani ameyaona, na siku gani.

Lita alimpigia simu mchungaji wa mbuzi anayetunza ile pampu. Pampu ilifanya kazi. Kisima cha miti miwili walikichora, kisha wakakikata kwa wino mwekundu. Kisima cha tatu hakikuwapo kabisa. Mchungaji hakuwahi kukisikia. Lakini alijua chemchemi ndogo chini ya mwamba, siku ya tatu ya njia. Alinywesha mbuzi wake hapo wiki mbili zilizopita.

"Kutoka pampu hadi chemchemi ni siku moja na nusu, bila tone njiani," alisema Fundi Saa. "Na tukikuta chemchemi imekauka?"

"Sasa unauliza kama fundi," Lita alisema. "Usikabidhi roho yako kwa kisima kimoja. Lori langu linakatiza uwanda kila mwezi. Linapita hapa, mahali mtakapolala siku ya pili. Nitawaachia madumu mawili ya lita ishirini. Hiyo ni akiba yenu."

"Mawili? Moja halitoshi?"

"Moja linawatosha. La pili ni kwa sababu lolote linaweza kutokea. Na nitayaweka mahali tofauti, nitie alama ya rangi kwenye mawe. Kitakachokuta moja kisikute na jingine."

"Basi tutaondoka kwenye pampu na lita nne kila mtu," alisema wifi, "za kutufikisha kwenye akiba."

"Nane," Lita alisema.

"Nane! Mimi ni msusi, si punda!"

"Nne za kwenda, nne za kurudi. Mkifika mkakuta akiba imeibwa, mtarudi na nini? Shika neno hili: mpaka umeyaona maji ya mbele kwa macho yako, usiguse maji ya kurudi."

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza, alirudia polepole. "Maji ya kwenda, na maji ya kurudi." Aliyasema kama mtu anayeonja.

Lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo walipunguza vitu vingine. Kioo cha wifi kilibaki nyumbani. Chakula walichagua kisichohitaji maji mengi ya kupikia. Walinunua vidonge vya kutibu maji, na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya kwenye maji ya kunywa, zile wanazopewa watu wanaoharisha. Walichagua mwezi wa baridi, mvua zikiwa zimeisha karibuni. Alfajiri Dobi alizunguka mitaa na lita nane mgongoni, ili mwili uzoee.

"Dobi!" majirani walimtania. "Siku hizi unafua ukitembea?"

"Najifua mwenyewe!" aliwajibu, akitweta.

Mama naye alipewa kazi. Alibaki na nakala ya mpango, na simu. Fundi Saa alimsomea mara tatu. Siku ya nne watampigia kutoka ukingoni, ambako mchungaji alisema mtandao unashika. Ikifika saa nne asubuhi ya siku ya tano bila simu, ampigie Lita, naye atatoka na lori. Mama aliikunja karatasi, akaiweka chini ya mto wake.

Wakaenda.

Asubuhi ya siku ya pili waliondoka kwenye pampu kabla jua halijatoka. Mabegi yalikuwa mazito, na maji yalilia ndani yake, gububu, gububu, kama mtu anayenong'ona nyuma yao. Baridi ilikuwa tamu. Kisha jua likachomoza, likagusa mawe, na mawe yakalia. Tik. Tik. Walisimama wote watatu.

"Hili hakuliota," Fundi Saa alisema.

Walikunywa funda chache kila nusu saa, hata kabla ya kiu. Dobi ndiye aliyesimamia. "Kunywa, wifi," alisema. "Maji yakiwa kwenye chupa na wewe umeanguka, yamekufaa nini?" Saa tano kasorobo walifika kwenye ule mti uliosimama. Hawakulitazama shimo. Walitandaza kanga kuongeza kivuli, wakalala mchana kutwa. Uwanda ulikuwa mweupe, ukicheza kwa joto. Vilima vya mbali vilining'inia hewani, kama nguo nyepesi kwenye kamba. Dobi hakujua saa ngapi alikuwa macho na saa ngapi alikuwa usingizini. Ilikuwa ni nchi ileile.

Saa kumi alasiri waliendelea. Jua lilipokuwa jekundu waliona alama za magurudumu ya lori, na jiwe lenye rangi ya buluu. Wifi alikimbia. Kisha akasimama.

Dumu lilikuwa limelala ubavu. Mnyama alikuwa ametafuna kifuniko. Ndani hapakuwa na kitu.

 Fundi Saa alilitua begi lake. Alitoa chupa zake, akazipanga chini moja moja. Kisha za Dobi, kisha za mdogo wake.

"Tuna lita nne kila mtu," alisema. "Hatujazigusa. Tutatafuta la pili. Tukikuta nalo limekwisha, kesho alfajiri tunageuka. Mimi ndiye nitakayetangulia kugeuka."

Dobi alimtazama mumewe. Alitamani kumshika mkono, akaushika.

"Hatua mia, upande wa kilima," alisema wifi, akisoma mpango. Walihesabu kwa sauti, kama watoto. Kwenye hatua ya tisini na nane palikuwa na jiwe la pili la buluu. Chini yake, limefunikwa kwa mawe madogo, palikuwa na dumu. Fundi Saa alilitikisa. Lilikuwa zito, limejaa. Juu yake Lita alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Maji safi, lita 20. Tarehe ilikuwa ya siku tano nyuma. Na chini ya tarehe: Kunyweni, punda wangu.

Wifi alicheka mpaka akaketi.

Siku ya tatu walifika kwenye chemchemi. Haikuwa chemchemi ya maji tele. Maji yalidondoka kutoka kwenye ufa wa mwamba, tone baada ya tone. Chupa moja ilijaa kwa nusu saa.

"Na sisi bado tuna ya akiba," alisema wifi. "Tuondoke."

"Tuna muda," alisema Dobi. "Chanzo usikipite na chupa tupu."

Waliketi kivulini, wakiisikiliza ile sauti ndogo. Maji waliyachuja kwa kitambaa safi, wakatia vidonge, wakasubiri nusu saa kama pakiti ilivyoelekeza. Hawakulala pale. Lita alikuwa amewaonya: wanyama nao wana kiu, na ukilala mlangoni mwao hawataingia. Walipanda kilima kidogo kwa mbali. Kabla jua halijazama waliona swala wakija, mmoja mmoja, bila sauti. Waliinama kwenye mwamba kama watu wanaosali. Dobi alihisi kwamba ameshawahi kuona hivyo, labda kazini, akiwa amefumba macho.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, ardhi iliisha.

Walisimama kwenye ukingo mrefu. Upepo ulipanda kutoka chini, ukawapiga usoni.  Kisha Fundi Saa alitoa simu, akatafuta mtandao, akampa mkewe.

Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mama, tumefika."

"Wote?"

"Wote watatu. Wazima."

Ilisikika pumzi ndefu. "Haya. Niambie kuna nini."

Dobi alitazama tena chini. Mumewe na wifi yake walimtazama.

"Hakuna ziwa, mama."

"Hakuna," mama alirudia.

"Kuna bonde. Si la kijani, ni la manjano, kama kitambaa kilichopigwa na jua. Kuna mto, ila ni wa mchanga. Kuna mabati ya kijiji, yanang'aa. Kuna mtu anaendesha baiskeli, polepole, na vumbi linamfuata. Kivuli cha wingu kinapita juu ya kila kitu. Sasa kimemfunika yule wa baiskeli. Sasa kimemwacha."

 Dobi aliogopa kwamba amemvunja moyo.

"Endelea," mama alisema. "Anakwenda wapi?"

"Sijui, mama. Anashuka mteremko. Ameachia miguu, haendeshi tena. Baiskeli inakwenda yenyewe."

"Ehe," mama alisema kwa furaha, kama anayemwona. "Ehe, mwache aende." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwenye kazi. "Mmebakiwa na maji kiasi gani?"

"Ya kurudi hatujayagusa. Ya kwenda, lita moja na nusu kila mtu."

"Kijiji kiko mbali?"

"Mwendo wa saa moja. Njia tunaiona yote."

"Wekeni lita moja ya njiani. Hiyo nusu, nawaeni uso. Mtu haingii kwa watu na vumbi la siku nne."

Dobi alifungua chupa. Wifi alikinga viganja, akafumba macho, akainua uso. Maji yalimiminika, yakapita kwenye paji, yakashuka shingoni, yakadondokea ardhini. Hakuna aliyeyakimbilia kuyaokoa.